Moto umepita shambani: mvumo ukatwe au uachwe?

Swali: "Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mkulima na msukaji wa mikeka, Rufiji. Mwishoni mwa kiangazi jirani alikuwa anasafisha shamba, moto ukavuka ukaingia kwetu. Miembe na mikorosho imekauka. Mivumo, mikoche na mikindu ya bondeni ilibaki nyeusi tii, tukajua nayo imekwisha, lakini mvua za mwanzo zilipoanguka ikatoa majani mapya. Minazi mingine imepona, mingine imekufa. Na kuna mmoja, moto haukuufikia kabisa, umekufa kwa tundu moja tu la mdudu kileleni. Mume wangu anataka tukate yote tuanze upya, mimi naona tuiache. Hivi miti hii ya jamii ya mnazi ina nguvu au ni dhaifu? Tukate ipi, tuache ipi?"

Marahaba, dada. Poleni sana kwa hasara, maana mwembe uliozaa miaka yote hiyo haurudi kwa msimu mmoja. Kuhusu mivumo na mikoche, mwambie shemeji aweke panga chini kwanza. Miti ya jamii hii huvumilia karibu kila kitu kinachopiga shina lake. Kisichovumilika ni kinachogusa kilele. Ukilishika hilo utaelewa kwa nini moto wote ule umeushindwa mvumo, na tundu moja la mdudu limeua mnazi.

Kama mnazi mmoja uliokufa mmeshaukata, nenda ukatazame kisiki chake. Utaona uso mzima umejaa nukta za kahawia, zimebanana sana pembeni karibu na ganda, zinapungua kadiri unavyoingia kati. Bonyeza kwa ukucha: pembeni pagumu kweli, katikati ukucha unazama. Kila nukta ni mshipa unaopandisha maji na kushusha chakula. Sasa katazame kisiki cha mwembe. Kazi yote ya uhai wa shina lake iko kwenye utando mwembamba mbichi, pale tu unapobandua gome. Utando huo ndio unaonenepesha mti na kuziba majeraha. Moto wa nyasi ukiupika kuzunguka shina lote, mwembe umekwisha, hata kama mbao ndani ni nzima. Mvumo hauna utando huo. Mishipa yake imetawanyika shina zima, kwa hiyo moto unaoguguna nje unachoma sehemu, na iliyobaki ndani inaendelea kupandisha maji kama kawaida.

Lakini kukosa utando huo kuna gharama yake. Mti usio nao hauwezi kuziba jeraha. Angalia vidato ambavyo wakwezi wamevikata kwenye mnazi wa zamani: kidato kilichokatwa enzi za babu bado kiko wazi vilevile, hakikujaa wala hakikupungua. Palipoungua mwaka huu pataonekana mpaka mti ufe. Kidonda kikiwa kikavu na kigumu hakina neno. Kikiwa kinavuja maji, au ukikigonga kinaitika kitupu, wadudu na uozo wameshaingia, na mti huo uuangalie hasa kama uko karibu na nyumba.

Gharama kubwa zaidi iko juu. Mwembe una macho ya kuchipua kila tawi. Ukivunja hapa unachipua pale. Mnazi na mvumo vina sehemu moja tu ya kukulia: ule moyo mweupe, laini, uliofichwa katikati ya kilele, umefungwa na vitako vya makuti tabaka juu ya tabaka. Kila kuti, kila karara la maua, kila nazi mtakayokula huanzia hapo. Moyo huo ukifa, mti hauna pengine pa kuanzia, hata kama shina na mizizi havina kasoro.

Kwa hiyo minazi yenu iliyokufa nina hakika imegawanyika sehemu mbili. Kuna michanga, ambayo kilele chake bado kilikuwa karibu na ardhi, moto ukakifikia moja kwa moja. Na kuna mikubwa ambayo haikupunguzwa makuti makavu. Makuti yanayoning'inia yanapandisha moto kutoka kwenye nyasi mpaka kileleni. Chini ya minazi iliyopona nadhani mtakuta palikuwa pamelimwa au pamefagiliwa. Hiyo ndiyo kazi ya kufanya kila mwaka kabla ya kiangazi: kupunguza makuti makavu na kusafisha duara la hatua mbili kuzunguka shina. Makuti mabichi msiyaguse.

Jamii hii hailingani katika kukwepa hatari hiyo ya kilele kimoja. Mkindu huota kwa kichaka, mashina mengi kwenye shina moja la chini, kwa hiyo likifa moja mengine yapo. Mkoche hufanya jambo ambalo miti ya jamii hii hailifanyi mara nyingi: shina linagawanyika mapacha, na mapacha nayo yanagawanyika tena, mpaka mti mmoja unakuwa na vilele kadhaa. Mikoche mingine hutoa pia machipukizi chini. Mvumo una shina moja na kilele kimoja kama mnazi, ila utoto wake ni wa ajabu, na ndio unaoueleza mti huu vizuri kuliko kitu kingine.

Mbegu ya mvumo ikiota haipandishi chipukizi juu mara moja. Inatoa kitu mfano wa mzizi mnene, unachimba kwenda chini, na ndani ya mzizi huo ndimo kichipukizi kinamosafiri. Kinaweza kufika nusu mita chini ya ardhi, wakati mwingine zaidi, ndipo kianze kupandisha jani. Kwa miaka mingi mvumo mchanga ni majani machache tu yaliyochomoza kwenye nyasi, shina hakuna, na kilele chenyewe kimelala udongoni. Moto ukipita unachoma majani. Mbuzi akija anakula majani. Mvua zikinyesha yanatoka mengine. Mvumo unapokuja kusimama, unakuwa umeshajenga unene wake wote chini, na unapanda na kilele kilichofungwa vizuri. Mwendo huu umeumbwa kwa nchi ya moto na tembo, na bonde lenu la Rufiji ni nchi hiyo. Tembo mwenyewe humeza mavumo, matunda ya mvumo, na kuyaacha mbali pamoja na samadi yake, kwa hiyo mnyama anayebomoa ndiye huyohuyo anayepanda.

Mbinu hiyo ya kujificha chini imebadilisha sura ya nchi nzima kwingineko. Katika jimbo la Maranhão, Brazili, kuna mti wa jamii hii unaoitwa babasu. Watu walipofyeka msitu na kuuchoma wapate malisho ya ng'ombe, miti mingine ilipungua sana. Miche ya babasu, kwa kuwa moyo wake uko chini ya ardhi, ikatoka baada ya kila moto, mpaka maeneo makubwa yakawa karibu babasu peke yake. Wanawake wa huko wanapasua mbegu zake kwa mafuta na wamejijengea umoja wa kuutetea mti huo usikatwe. Nakutajia hao kwa sababu watu wakiona mivumo mingi shambani husema ardhi imechoka. Mara nyingi wingi huo unasema tu kwamba hapo pamechomwa mara nyingi.

Sasa huo mnazi uliokufa kwa tundu moja. Huyo ni chonga, mdudu mweusi mgumu mwenye pembe kichwani. Usiku anatoboa kwenye vitako vya makuti machanga, anatafuna kuelekea kati. Makuti yakija kufunguka unayaona yamekatwa kama kwa mkasi, pembetatu pande zote mbili. Mnazi mkubwa kwa kawaida humvumilia. Mchanga hauwezi, na hata mkubwa, akifika kwenye moyo au uozo ukimfuata kwenye tundu lake, ndio mwisho. Nataka muelewe uhusiano wake na moto, kwa sababu hasara ya pili mara nyingi inatoka hapo. Chonga hazaliani kileleni. Funza wake hukulia kwenye vigogo vinavyooza na kwenye malundo ya samadi. Kila mnazi uliokufa mkauacha umesimama au umelala unakuwa malezi ya chonga, na mwakani watatoka kwenda kwenye minazi iliyopona. Kwa hiyo ile iliyokufa ndiyo ya kukata, na mapema. Vigogo vyake mpasue mbao, au mvitumie kuni, au mvikate vipande na kuvichoma mahali salama. Shina la chini, upande wa nje, linatoa mbao nzuri. La juu na la kati ni laini, halifai kubeba mzigo.

Moto una madhara mengine yasiyoonekana. Maji moto, wale sisimizi wekundu wanaoshona majani kuwa viota kwenye miembe na michungwa, ni walinzi wa minazi. Wanamfukuza mdudu anayenyonya nazi changa na kuziangusha, na wataalamu wa minazi nchini wamewatumia makusudi kwa kazi hiyo. Miembe yenu imeungua na viota vimeungua. Msishangae vidaka vikianza kudondoka mwaka ujao. Mkiona viota kwa jirani, katembezeni vichache mpaka kwenye minazi yenu, na mfunge kamba kutoka mti hadi mti wapate njia ya kupita.

Wewe ni msukaji, kwa hiyo niseme na ya panga, kwa sababu kwa mti huu mkono wa mtu unaumiza kuliko moto. Moto unakuja na kwenda. Mtu anarudi kila wiki.

Mkindu na mkoche vinaweka akiba ya chakula kwenye shina. Ukichukua jani changa lililofumba, mti unatumia akiba na kutoa lingine, na kwa macho utaona kama hujaudhuru. Ukirudi kabla haujajaza akiba, jani linalofuata linatoka fupi kidogo. Ukirudi tena, fupi zaidi, na maua yanaacha. Msukaji anaijua dalili hiyo mikononi kabla ya mtaalamu: ukindu unakuwa mfupi, unalazimika kuunga mara nyingi kwenye mkeka uleule. Ukifika hapo kichaka kinahitaji kupumzika. Chukua jani moja kwa shina, uliache linalofuata lifunguke na kufanya kazi, na mwaka huu wa moto usichukue kabisa kwenye vichaka vilivyoungua mpaka kila shina liwe na majani kadhaa mapya yaliyokunjuka. Huko Kenya, kandokando ya Mto Tana, Wapokomo wanautegemea mkindu kwa mikeka, nguzo na tembo la kunywa, na wakati huohuo kuna aina ya nyani mdogo, mangabei wa Mto Tana, asiyepatikana mahali pengine duniani, anayekula sana matunda yake. Mti mmoja unalisha nyumba mbili, kwa hiyo kipimo cha kuvuna lazima kiwe chini ya kile ambacho mti wenyewe unaweza kuvumilia.

Tembo hilo la kunywa nalo linategemea mgema anakata wapi. Kwenye mnazi anakata ncha ya karara ambalo halijafunguka. Karara hilo halitazaa nazi, lakini kilele kiko salama, na mnazi huo unaweza kugemwa miaka mingi. Kwenye mvumo na mkoche, sehemu nyingi za Afrika wagema wanakata kilele chenyewe. Mkoche wenye machipukizi utapoteza shina hilo na kuanza mengine. Mvumo utakufa. India na Sri Lanka kuna ndugu wa mvumo, wa jenasi ileile, anayegemwa kwenye maua vizazi na vizazi bila kuuawa. Kwa hiyo akija mgema kuomba mivumo yenu, mruhusuni kwa sharti hilo: maua, si kilele.

Brazili kuna mfano wa wazi wa tofauti ya shina moja na kichaka. Moyo wa miti hii huliwa kama mboga na kuwekwa kwenye makopo. Katika misitu ya pwani ya Atlantiki walivuna jusara, mti wa shina moja, na kila kopo lilikuwa mti umekufa, mpaka ukawa adimu sehemu nyingi. Biashara ikahamia kwenye asai wa bonde la Amazon, ambao huota kwa kichaka na kuchipua tena ukikatwa. Jamii ileile, chakula kilekile, ila mmoja una pa kuanzia upya na mwingine hauna.

Hukuuliza habari za upepo, ila kwa kuwa uko Rufiji nitaigusa. Kimbunga Hidaya kilipofika Mafia tarehe 4 Mei 2024 kilikuwa kimepungua nguvu. Zanzibar wanakumbuka cha Aprili 1872 kilichoangusha mikarafuu na minazi ya Unguja, na Lindi ilipigwa Aprili 1952. Mnazi umejengwa kwa upepo: makuti yake yamechanika tayari, yanajikunja na kupunguza mzigo, shina limejaa maji na linapinda bila kukatika, na mizizi ni maelfu ya nyuzi zinazolingana unene badala ya mzizi mkuu mmoja. Puerto Rico, kimbunga Hugo cha 1989 kilipopita, miti ya jamii hii ya milimani ilipoteza majani mengi lakini mingi ilibaki imesimama, na miche yake ikafaidika na mwanga ulioingia msituni. Kikizidi nguvu hata mnazi unalala: Ufilipino mwaka 2013 kimbunga Haiyan kiliangusha au kuvunja mamilioni ya minazi. Ulioinama usiuhukumu kwa kuinama. Kama mizizi ya upande mmoja bado imeshika, kilele kitajigeuza chenyewe kitazame juu, na shina litabaki limepinda maisha yake yote.

Kwa mti wowote mnaoutilia shaka, uwe wa moto, upepo au mdudu, kipimo ni kimoja. Tafuta jani changa la katikati, lile lililofumba na kusimama wima. Lifunge uzi mwekundu usawa na jani linalofuata. Baada ya wiki tatu au nne mtume kijana apande tena. Uzi ukiwa umepanda, moyo uko hai, hata kama makuti mengine yote yameungua. Uzi ukiwa palepale, avute jani hilo taratibu. Likitoka lote mkononi, kitako kimeoza na kinanuka, mti huo mkate. Angalizo moja: mnazi usioungua ukianza kudondosha nazi za kila ukubwa, kisha maua mapya yanatoka meusi, kisha makuti yanapata manjano kuanzia chini, huo si moto. Unaweza kuwa ugonjwa wa kunyong'onyea, ambao hauna dawa ya kuuponya mti ulioshikwa, na afisa ugani aitwe mara moja.

Iliyo hai nayo ipewe muda. Mnazi wenye afya hutoa kama kuti 12 hadi 14 kwa mwaka, na kilele kilichojaa hubeba karibu 30, kwa hiyo kilele kilichoungua chote kinahitaji zaidi ya miaka miwili kujaa. Nazi zinachelewa zaidi. Kutoka karara kufunguka mpaka nazi kukomaa ni kama mwaka, na karara lenyewe lilianza kuumbwa ndani zaidi ya miaka miwili kabla. Shida ya mwaka huu mtaisoma kwenye kapu mwaka wa tatu. Mtaisoma na kwenye shina: mahali mti ulipokuwa na njaa shina linatoka jembamba, na kiuno hicho hakinenepi tena, kwa hiyo ukihesabu makovu ya makuti yaliyo juu yake, ukaongeza na makuti yaliyopo kileleni, kisha ukagawa kwa zile kuti 12 hadi 14 za mwaka, unapata karibu mwaka wa shida. Mvumo usiuhukumu kwa kipimo hicho, kwa sababu tumbo lake la katikati ni maumbile.

Jambo ninalolihofia zaidi shambani kwenu umeliacha bila kulitaja. Umesema mivumo imepona, hukusema habari ya midogo. Mvumo mkubwa unaweza kusimama miongo mingi, ukazaa, ukavumilia moto kila kiangazi, na chini yake pasiwe na hata mche mmoja wa kuurithi. Mbuzi kila siku, jembe la trekta kila msimu, mavumo kuokotwa yote kwenda sokoni, tembo kutopita tena: hakuna hata kimoja kinachoua mti mzima, na vyote pamoja vinamaliza watoto. Ukiona mivumo mirefu mitupu, yote ya kimo kimoja, unaangalia shamba la wazee, na likianza kuanguka litaanguka kwa pamoja.

Kwa hiyo msimu huu wa mvua zitembelee nyasi zilizochipua, wewe pamoja na shemeji, mtafute majani yaliyokunjana kama feni yanayotoka ardhini bila shina. Kila mnapoyaona, wekeni matawi mengi ya miiba kuyazunguka ili mbuzi na jembe visifike. Yasipokuwepo kabisa, chukueni mavumo yaliyoiva yenyewe na kuanguka, muyafukie moja kwa moja mahali mnapotaka mti ukue. Msiyaoteshe kwenye viriba, kwa sababu kile kichipukizi kinataka kushuka na kiriba kitakizuia. Chagueni mpaka wa shamba, upande anakotokea huyo jirani mwenye moto, na katikati ya mashimo mnaweza kuendelea kulima ufuta au kunde miaka yote ambayo mvumo utakuwa bado unajenga unene wake chini.